Thikinesa hainyooshi mbao: mwongozo wa kununua mashine za kuranda Mwanza

Mteja wangu wa Buhongwa alinipigia simu miezi miwili baada ya kumfungia mlango wa mninga. "Fundi, mlango wako umeanza kunikataa." Nikaenda. Kona ya chini, upande wa kitasa, ilikuwa imetoka nje ya fremu upana wa kidole. Mbao zilikuwa kavu na gundi ilikuwa imeshika. Kosa lilikuwa langu. Zile mbao za pembeni nilizipeleka moja kwa moja kwenye thikinesa (mashine ya kusawazisha unene) ya mtaani, zikatoka laini zinang'aa, nikaamini zimenyooka. Kumbe zilikuwa zimejisokota vilevile kama zilivyotoka msumenoni, ila sasa zimejisokota zikiwa laini. Nikazibana kwa klampu mpaka zikatii. Klampu zilipotoka, mbao zikaanza kurudi zilikotoka, polepole.

Mlango ule niliurudia kwa gharama yangu. Ndiyo maana nikiulizwa "ninunue mashine gani ya kuranda?" huwa sianzi na jina la kampuni.

Kazi ya kila mashine

Mafundi wengi huita mashine zote mbili "pleina", na hapo ndipo fedha inapopotea. Hapa nitasema randa ya meza na thikinesa.

Randa ya meza ina meza mbili za chuma, ya kuingizia na ya kutokea, na katikati yake kuna ngoma yenye visu inayozunguka. Meza ya kutokea imelingana na ncha za visu zinapofika juu kabisa. Meza ya kuingizia iko chini kidogo, milimita moja au mbili, na tofauti hiyo ndiyo kina cha kukata. Wewe mwenyewe unaisukuma mbao juu ya visu. Kwa kuwa hakuna kitu kinachoikandamiza kwa nguvu, mbao hukaa ilivyo na visu hula sehemu zilizojitokeza tu, mpaka uso wote ulale. Pembeni kuna ukuta wa chuma uliosimama digrii 90. Ukiuegemeza uso ulionyooka pale, unapata ubavu ulionyooka na wenye skwea.

Thikinesa ni kinyume. Visu viko juu, meza iko chini, na roli mbili zinaivuta mbao zikiwa zimeikandamiza. Kazi yake ni moja: kuufanya uso wa juu uwe sambamba na wa chini. Ukiingiza mbao iliyopinda, roli huilaza, visu huikata ikiwa imelala, ikitoka inajikunja tena. Uso wa chini ukiwa mbovu, utaupata ubovu huohuo juu, kwa unene uleule kila mahali.

Kwa hiyo randa ya meza hunyoosha, thikinesa husawazisha unene. Peke yake, hakuna inayofanya kazi ya mwenzake. Hata randa ya meza yenyewe haiwezi kukupa nyuso mbili zilizo sambamba: utanyoosha wa kwanza, utanyoosha wa pili, na mbao itatoka nene huku, nyembamba kule.

Hatua ya 1: pima mbao zako kabla ya kuangalia mashine

Chukua tepu, ingia stoo yako. Mbao unazonunua zaidi zina upana gani? Ukitengeneza fremu za milango kwa 2 kwa 6, upana wako ni inchi 6, yaani milimita 152. Randa ya meza ya inchi 6 ndipo inapokomea, na mbao ya msumeno mara nyingi huzidi kidogo. Ukitengeneza meza na makabati kwa 1 kwa 8 au 1 kwa 10, randa ya inchi 6 itakulazimu kupasua kila mbao, kuinyoosha vipandevipande, kisha kuigundisha tena.

Urefu una hesabu yake. Kama kanuni ya mkono, randa ya meza hunyoosha vizuri mbao yenye urefu usiozidi mara mbili ya meza zake zote mbili zikiunganishwa. Nguzo ya mlango ni futi 7, kama mita 2.1. Mashine yenye meza ya mita 1.1 itaimudu kwa shida. Ya mita 1.5 na kuendelea utafanya kazi kwa raha.

Halafu angalia aina ya miti. Paini, iwe ya Sao Hill au ya mashamba ya huku kwetu kama Buhindi na Rubya, ni laini lakini ina utomvu unaoganda kwenye meza na roli. Mninga unarandika vizuri ukiujua. Mkongo na mvule nyuzi zake hupishana, zinapanda huku na kushuka kule, hivyo visu butu vitazing'oa. Mvule una la ziada: ndani yake huwa na chokaa iliyoganda kama kijiwe, na kisu kipya kikikutana nacho kinapata pengo papo hapo. Unayefanya mvule kila siku na unayefanya paini tu hamuhitaji visu vya aina moja.

Hatua ya 2: umeme wako unasemaje

Fundi ananunua mota ya hospawa 3 bila kuuliza nyumbani kuna nini. Hospawa 3 ni kilowati 2.2. Kwenye volti 230 mota hiyo ikifanya kazi hula ampea kama 13 mpaka 15, na wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya hapo. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Hiyo mashine haichomekwi kwenye soketi ya redio. Inataka njia yake kutoka kwenye bodi, breka yake, na waya mnene. Mimi natumia waya wa milimita za mraba 4, maana karakana iko mbali na mita.

Umeme ukishuka jioni, kila mtu amewasha jiko na friji, mota inapata moto na kunuka. Ukiona taa zimefifia, zima. Mota haiungui kwa kazi nyingi tu. Inaungua pia kwa kulazimishwa kwenye umeme mdogo.

Ukiwa na umeme wa njia tatu (three-phase), chukua mota ya njia tatu bila kusita. Inawaka vizuri zaidi na haina kapasita ya kufa. Siku ya kufunga, iwashe kabla ya kuweka mkanda uone inazunguka upande gani. Ikienda kinyume, fundi umeme abadilishane waya mbili zozote kati ya tatu.

Kwa jenereta, zidisha nguvu ya mota angalau mara tatu. Na mashine za mtumba kutoka Marekani nyingi ni za volti 110 hadi 120, hezi 60. Niliwahi kuuziwa moja na dalali aliyeapa kwamba "inachagua umeme yenyewe". Haikuchagua. Soma kile kibati cha mota mwenyewe, kwa macho yako, kabla ya kutoa hela.

Hatua ya 3: kama hela inatosha moja tu

Vitabu vitakwambia uanze na randa ya meza kwa kuwa ndiyo inayotangulia kwenye kazi. Mimi, kwa fundi mdogo wa Mwanza anayefanya samani, nasema anza na thikinesa. Sababu ni kwamba kazi ya randa ya meza ina njia mbadala, lakini ya thikinesa haina. Kutoa mbao kumi zenye unene wa milimita 20 kamili kwa randa ya mkono ni kazi ya kumfanya mtu aache useremala. Ila kunyoosha uso mmoja kunaweza kufanywa kwa kitanda.

Kitanda ni kipande cha marine board cha milimita 18, upana wa sentimita 28 hivi, urefu wa futi 6, kilichonyooka. Mbele kipigilie kijiti chembamba cha kuzuia mbao isiteleze; kikae chini kuliko unene wa mwisho wa mbao, na misumari yake iingie kutoka chini, mbali na visu. Laza mbao yako juu yake bonde likiangalia chini. Itacheza. Pale inapoinuka, ingiza kabari nyembamba mpaka ukibonyeza kona zote nne haitikisiki, kisha zishike kabari kwa gundi ya moto. Pitisha kitanda na mbao kwenye thikinesa pamoja. Roli zinakandamiza lakini kabari zinakataa, hivyo visu vinakata kilele tu. Uso wa juu ukilala wote, toa mbao, igeuze, ipitishe bila kitanda. Ubavu utaunyoosha kwa msumeno wa meza wenye mbao ya mwongozo, au kwa randa ya mkono.

Thikinesa ndogo za mezani zinatosha kwa kuanzia. Makita 2012NB, kwa mfano, inachukua upana wa milimita 304, ina mota ya wati 1,650, na inabebeka na watu wawili bila kelele. Ila mashine za aina hii hupiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Mota yake ni ya brashi za kaboni, hivyo ipumzishe.

Ushauri huu unageuka kwa mtu wa fremu na milango. Yeye upana wake ni mdogo, urefu mkubwa, idadi kubwa, kitanda kitamchelewesha. Anunue randa ya meza ndefu, na thikinesa akalipie mtaani kwa futi mpaka hela ipatikane. Na kabla ya kununua chochote, andika kwa mwezi mmoja umelipa kiasi gani kurandisha, ongeza nauli ya guta na siku ulizopoteza kwenye foleni. Ukigawanya bei ya mashine kwa hiyo namba na ukapata zaidi ya miezi 30, endelea kulipia.

Zile kombine, mashine moja yenye randa, msumeno na kutobolea, nina mashaka nazo. Randa yake kwa kawaida ni fupi, na kila ukibadilisha kazi unalegeza na kukaza ukuta. Kwa karakana ya chumba kimoja zina maana. Kwa wawili wanaofanya kazi pamoja, mmoja atakuwa anamsubiri mwenzake siku nzima.

Hatua ya 4: kuikagua

Nenda na rula ya chuma ya mita moja, skwea, karatasi ya kawaida na kipande cha paini kilichonyooka. Karatasi ya daftari au ya printa ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na hicho ndicho kipimo chako. Plagi iwe imechomolewa.

Kwenye randa ya meza, simamisha rula kwa ubavu wake, ilale kwenye meza ya kutokea na kuvuka mpaka ya kuingizia, meza zikiwa zimewekwa usawa mmoja. Jaribu kupenyeza karatasi chini ya rula mwanzoni, katikati, mwishoni. Kisha kwa mshazari, kona kwa kona. Karatasi mbili zikipenya kwa urahisi mahali fulani, uliza kama meza zinarekebishika. Zikipenya nne, mwambie muuzaji asante. Meza zilizolala kama paa la nyumba hazitanyoosha mbao hata ubadilishe visu mara ngapi. Weka skwea kwenye ukuta: mbele, katikati na nyuma. Kagua ufa kwenye chuma cha meza, hasa karibu na boliti. Kutu ya juujuu isikutishe, kwa hewa hii ya ziwani kila chuma kinapata. Inatoka kwa msasa na mafuta.

Zungusha ngoma kwa kushika puli, polepole. Unasikiliza beringi: ikikwaruza kama mchanga, imekufa. Itikise juu na chini. Isicheze hata kidogo.

Kwenye thikinesa, omba uipitishe mbao mbili nyembamba kwa pamoja, moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Zipime unene kwa venia (kipimo chenye taya). Tofauti ya milimita 0.2 inavumilika, nusu milimita haivumiliki. Gusa roli za mpira: zikiwa ngumu na zinang'aa, hazitavuta. Muuzaji akisema "mashine nzima bosi, ila leo umeme umekatika", rudi siku umeme upo.

Visu

Visu vitatu hutoa uso laini kuliko viwili, mwendo wa ngoma na wa mbao ukiwa uleule. Piga hesabu mwenyewe: mizunguko kwa dakika mara idadi ya visu, gawanya kwa milimita ambazo mbao inasafiri kwa dakika. Ngoma ya mizunguko 8,500, visu 2, mbao ikienda mita 8.5 kwa dakika, inakupa makato 2 kwa kila milimita. Ngoma kubwa ya mizunguko 5,000, visu 3, mbao ikienda mita 6, inakupa 2.5. Kwa hiyo usidanganywe na namba kubwa ya mizunguko peke yake.

Siku hizi kuna ngoma zenye vipande vidogo vya mraba vya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha visu) vilivyopangwa kwa mzunguko. Kila kipande kina makali manne. Upande mmoja ukifa unakigeuza. Hazipigi kelele sana, na kwenye mkongo na mvule zinatenda maajabu. Kama mvule ndio riziki yako, zinafaa. Kwa wengine, nunua seti mbili za visu vya kawaida vya chuma kigumu: moja ndani, nyingine kwa mnoaji. Visu hivyo wa kuvinoa wapo. Vile vipande vikipasuka lazima uwe na akiba yake kwenye droo.

Kuvifunga visu kwenye randa ya meza kuna ujanja wa kijiti. Chomoa plagi. Laza kijiti kilichonyooka kwenye meza ya kutokea, kikivuka juu ya ngoma. Weka alama ya penseli kwenye kijiti pale mdomo wa meza ulipo. Zungusha ngoma kwa mkono. Kisu kitakibeba kijiti mbele kidogo. Weka alama nyingine. Umbali kati ya alama uwe kama milimita 3, kila kisu, ncha ya kushoto na ya kulia. Kisu kinachobeba 6 kiko juu, kisichobeba kabisa kiko chini. Kaza boliti kidogokidogo kwa zamu, pima tena, maana kukaza kunakipandisha.

Hatua ya 5: mbao moja, mwanzo hadi mwisho

Kwanza ikauke. Mbao mbichi ukiinyoosha leo itapinda kesho kutwa. Kama huna mita ya unyevu, ipime mbao yenyewe kwenye mzani wa duka kila wiki (kipande kidogo hukauka mapema kuliko mbao nzima). Ikiacha kupungua uzito, imezoea hewa ya mahali pako.

Isugue kwa brashi ya waya. Mbao zinazokuja kwa boti hulazwa mchangani zinaposhushwa, na mchanga unaua visu kuliko kitu chochote. Tafuta misumari. Mbao za zege na za mitumbwi mikuukuu haziingii kwenye mashine yangu, hata mwenyewe akilia.

Sasa ikate urefu unaohitaji, pamoja na nyongeza ya sentimita 5. Usinyooshe futi 12 nzima! Mbao ya futi 12 yenye tumbo la milimita 20 katikati, ukiikata vipande viwili sawa, kila kipande kinabaki na tumbo la milimita 5 tu. Ukiing'ang'ania nzima utaigeuza maranda yote.

Uso wa kwanza, kwenye randa ya meza: bonde chini, ikae kwa kingo zake. Ukiilaza mgongo itabembea na hutanyoosha kitu. Angalia nyuzi ubavuni. Zielekee nyuma na chini, kama manyoya ya paka unayempapasa kutoka kichwani. Kina milimita 1 kwa mti mgumu. Chora mistari ya penseli usoni. Ikifutika yote, uso umelala. Mikono ishike vibao vya kusukumia, na ikishavuka visu, mkandamizo uhamie meza ya kutokea. Usivae glavu: kisu hukata kidole, lakini glavu ikinaswa huvuta mkono mzima. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 hakipiti hapa.

Uso ulionyooka uegemee ukuta, nyoosha ubavu mmoja. Kisha thikinesa, uso ulionyooka chini, milimita 1 kila mara, simama pembeni, usichungulie ndani. Ukibakiza milimita 3 kufikia unene wako, simama. Ipange mbao juu ya vijiti hewa ipite pande zote, ilale usiku mmoja au mbili. Mbao ina mvutano ndani yake; ukiifungua itasogea. Irudishe randa ya meza kidogo, malizia kwenye thikinesa ukitoa pande zote mbili kwa usawa. Ubavu wa mwisho upasue kwa msumeno.

Kutoka 1 kwa 8 ya msumeno tegemea milimita 20, mara nyingine 18. Mteja anayetaka inchi kamili, mnunulie mbao ya inchi moja na robo.

Ikisumbua

Shimo mwishoni mwa mbao kwenye randa ya meza: meza ya kutokea iko chini ya visu, ipandishe kidogo. Mbao ikigonga mdomo wa meza na kukataa kuvuka: iko juu, ishushe. Kwenye thikinesa, shimo kwenye sentimita chache za mwisho hutokana na mbao kuachwa na roli moja. Ishikilie juu kidogo inapotoka, au zisukume mbao zikifuatana bila pengo. Ndiyo kazi ya ile nyongeza ya sentimita 5.

Mbao ikigoma kuteleza, usiongeze nguvu. Zima, chomoa, futa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha ikauke, kisha paka meza mshumaa mweupe wa kawaida na uisugue kwa tambara.

Barakoa ni kila siku, na kwa mvule usiahirishe, vumbi lake linawasha pua na ngozi. Masikio pia yafunike. Maranda ya paini yatunze kwenye viroba vikavu, wafuga kuku wa Igoma na Kisesa wanayatafuta. Ya mvule na mkongo nayaweka kando, hayaendi bandani. Yale ya paini nayo yapitishie sumaku kwanza, kuku hajui msumari.